Dawa ya Mitishamba Inayoponya kwa Saa Moja Ihojiwe
Ukiona dawa ya mitishamba inatuliza ndani ya saa moja au mbili maumivu ya viungo yaliyodumu miaka, ihoji kabla ya kuishukuru, kwa maana huenda kasi hiyo imetokana na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, au deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe, iliyosagwa na kuchanganywa humo kwa siri. Dalili za steroidi huja polepole: hamu ya kula huongezeka, uso hujaa na kuwa wa mviringo, sukari ya damu hupanda. Mtu husifiwa kwamba amenawiri, kumbe anaumia. Katika dawa za nguvu za kiume hufichwa sildenafili, kiambato cha Viagra, ambayo humhatarisha mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, zinazopanua mishipa ya damu, kwa sababu shinikizo la damu huweza kuporomoka ghafla.

Jicho na ulimi havitoshi kuthibitisha, kwani unga mchungu wa mizizi hufunika ladha nyingine. Kipimo cha kuaminika ni cha maabara, hasa kromatografia, inayotenganisha kemikali zilizomo, ikiunganishwa na spektrometria ya masi, inayozitambua kwa uzito wake. Kwa hiyo tunza dawa iliyobaki pamoja na chupa na lebo yake, umpelekee daktari au mfamasia. Kama umeitumia kwa wiki kadhaa na unashuku ina steroidi, nakusihi usiiache ghafla bila ushauri wa daktari, kwa kuwa tezi za adrenali, zilizo juu ya figo na zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili, huwa zimepunguza kazi yake na mwili unaweza kuishiwa nguvu kwa kukosa homoni unayoihitaji.