Kumtuliza paka shume mwenye woga mpaka akuzoee: hatua kwa hatua

Mi nakaa Ngamiani hapa Tanga, na uani kwetu paka hawakosekani, wanafuata mabichwa ya samaki. Sasa wale walioumia au waliotupwa wadogo nawachukua, nakaa nao mpaka watulie. Sio daktari wa mifugo, ila makosa karibu yote nimeshayafanya mimi kwahiyo wewe usijisumbue kuyarudia.

Kabla ya yote tuelewane, paka shume sio mkali, anaogopa. Ukimwona kalaza masikio, mboni zimejaa jicho zima nyeusi tii, kajikunyata kwenye kona anakutolea ile "khhhh", huyo hataki vita, anakuomba uondoke. Basi ondoka.

Hatua ya 1: jua umri wake

Kitoto cha wiki 2 mpaka 7 kiko kwenye kipindi cha kumjifunza binadamu, ukikipata hapo wiki moja mbili kinakupanda mapajani. Wa miezi minne mitano inakwenda miezi. Mzima aliyezaliwa mtaani hajawahi kuguswa, huyo anaweza asikubali kubebwa mpaka anakufa na wala sio kosa lako, mlishe, mpeleke akafanyiwe operesheni asizae, mrudishe palepale anapopajua. Ila usimchanganye na paka aliyefugwa wenyewe wakahama wakamwacha. Woga mwanzoni ni uleule, lakini baada ya siku chache utamsikia anakulilia, mkia juu. Shume halisi kwa mtu yuko kimya.

Hatua ya 2: kumkamata

Usimkimbize! Mi Kibua (dume la kijivu lenye mistari, nilimtoa kule Deep Sea, soko la samaki, mguu umevimba) nilimtupia kipande cha wavu wa kuvulia, nikajiona mjanja, akajiviringa kucha zote zikanasa, nilipokwenda kumnasua akanitoboa kidole gumba. Ukishang'atwa osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili alafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye anaambukiza na huo ugonjwa dalili zikishaanza hauna dawa. Mambo ya kupaka pilipili au mafuta ya taa achana nayo.

Siku hizi natumia kisanduku cha wavu wa banda la kuku, fundi wa kuchomelea alinitengenezea na mlango wa kushuka. Siku tatu nne unaufunga mlango kwa kamba ubaki wazi, unaweka samaki ndani anakula anaondoka zake, siku ya tano ndio unauachia. Ukishashuka funika kisanduku chote kwa kanga, akiwa gizani anatulia.

Hatua ya 3: chumba kidogo

Stoo inatosha. Weka boksi lenye tundu la kujifichia, beseni la mchanga mkavu, maji mbali kidogo na chakula. Ziba upenyo wote, wa kwangu mmoja nilimtafuta siku nzima kumbe kapanda darini. Siku mbili za mwanzo usimguse wala usimwite, weka chakula toka. Siku ya kwanza kutokula ni kawaida, ikipita ya pili hajatia kitu mdomoni mtafute daktari, ini la paka halivumilii njaa ndefu.

Hatua ya 4: kaa tu

Hapa ndio kazi yenyewe, na hapa ndio watu wengi wanashindwa maana wanataka matokeo leo. Paka huyu sio mgeni wa waja leo waondoka leo. Unaingia saa ileile kila siku, umevaa kanga ileile (mi yangu hata siifui kila mara, anaijua harufu), unagonga kijiko kwenye sahani mara tatu, unaweka chakula, unakaa chini sakafuni ubavu ndio umemwelekea yeye. Usimkodolee macho, kwa paka huo ni ugomvi. Mkigongana macho fumba taratibu, fumbua taratibu, angalia pembeni. Dakika 20, simu bila sauti, basi. Na sahani kila siku isogeze shubiri moja kuja kwako, akigoma kuifuata irudishe ya jana.

Kibua siku ya kumi na moja niliweka mkono sakafuni, kiganja juu, kipande cha samaki changu kwenye ncha za vidole. Akaja tumbo linaburuza chini, masharubu yakanigusa, na hapohapo msikiti wa jirani ukawasha spika kwa adhana ya magharibi! Akaruka ndani ya boksi. Mi sikutoa mkono, mguu unakufa ganzi, mbu wananila, nimekaa mpaka adhana imeisha na watu wameshaswali ndio nikaona pua inatokeza. Akala. Ningesimama pale ningeanza upya.

Hatua ya 5: kumgusa

Anza na kijiti kirefu ulichokivika soksi, akishazoea ndio mkono. Shavuni na chini ya kidevu, usimtokee kwa juu ya kichwa. Mara tatu acha, hata kama anataka zaidi. Mkia ukianza kuchapachapa, toa mkono. Alafu kukoroma (ile ngurumo ya kooni) sio raha kila wakati, paka mwenye maumivu naye anakoroma.

Chakula na dawa

Dagaa wa kuchemsha bila chumvi, ugali kidogo tu, au mabichwa ya samaki umetoa miiba, siku nyingine maini. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha paka wengi. Makombo ya pilau hapana, vitunguu na vitunguu saumu ni sumu kwake. Na tafadhali, USIMPE parasetamo, kidonge kimoja kinaweza kumuua. Dawa ya viroboto ya mbwa pia hapana, nyingi zina permethrini, na hiyo ni sumu kwa paka.

Akikubali kubebwa mpeleke kwa daktari wa mifugo, dawa ya minyoo, chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu, dume ahasiwe na jike afungwe kizazi. Jike la miezi minne tu linaweza kushika mimba, na wiki tisa baadaye una vitoto vinne stoo. Kama nyumbani kuna mjamzito asisafishe lile beseni, kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kijidudu kibaya kwa mimba.

Hatua ya 6: kufungua mlango

Fungua jioni kabla hajala, sio baada ya kula. Kibua alitoka moja kwa moja juu ya ukuta wa jirani, akakaa saa nzima ananiangalia mi roho juu, nikagonga kijiko mara tatu, akashuka. Boksi lake sijalitoa stoo mpaka leo, mchana analala humo, na akija mgeni anapotelea humohumo mgeni anabaki kuniuliza hivi kweli una paka.