Somo: Jinsi ya kuhesabu na kudai ovataimu yako California

Ndugu zangu mnaofanya kazi California, wengi wenu mmeambiwa kwamba ovataimu huanza ukivuka saa 40 kwa wiki. Hiyo ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1938. Jimbo hili lina sheria yake, inampa mfanyakazi zaidi, na mwajiri wako analazimika kuifuata. Hapa saa huhesabiwa kwa siku kwanza, ndipo kwa wiki.

Hatua ya 1: Andika saa zako mwenyewe. Tumia daftari lako, si kifaa cha kampuni. Andika ulipoingia, ulipotoka, ulipokula. Ukitakiwa kufika mapema ili kuandaa vifaa, andika pia. Watu wengi huiruka hatua hii, halafu siku ya kudai hawana cha kuonyesha. Nawasihi msiiruke.

Hatua ya 2: Igawe kila siku. Saa 8 za mwanzo ni malipo ya kawaida. Zinazofuata hadi ya 12 ni mara moja na nusu. Zikizidi 12, ni dabo. Ukifanya kazi siku zote saba za wiki ya kazi, siku ya saba saa 8 za mwanzo ni moja na nusu, na zinazozidi hapo ni dabo. Saa za kawaida zikivuka 40 kwa wiki, za ziada nazo ni moja na nusu, ila saa iliyokwisha kulipwa kama ovataimu ya siku hairudiwi kuhesabiwa.

Chukua mtu wa ghalani anayelipwa dola 20 kwa saa, siku tatu za saa 12. Jumla ni saa 36, kwa hiyo bosi anamlipa dola 720 na kumwambia hana ovataimu. Kumbe ana saa 24 za kawaida, dola 480, na saa 12 za dola 30, yaani 360. Anastahili 840. Anapoteza dola 120 kila wiki!

Hatua ya 3: Kagua kiwango chako cha malipo kwa saa. Nyongeza ya zamu ya usiku na bonasi uliyoahidiwa kwa kufikisha lengo huingizwa kwenye kiwango kabla ya kuzidisha.

Hatua ya 4: Linganisha na hati ya mshahara. Ikipungua, omba kumbukumbu zako za malipo kwa maandishi. Mwajiri ana siku 21 za kukupa.

Hatua ya 5: Peleka madai kwa Kamishna wa Kazi wa jimbo. Ni bure, si lazima uwe na wakili, na unaweza kuomba mkalimani. Unaweza kudai ya miaka 3 nyuma.

Maswali ya wanachama

*Mimi ni msaidizi wa wauguzi hospitalini, zamu za saa 12 bila ovataimu. Naibiwa?*

Si lazima, dada. Wafanyakazi wa kitengo wakipiga kura ya siri na theluthi mbili wakakubali ratiba mbadala, hospitali inaweza kupanga zamu za saa 12 kwa malipo ya kawaida. Uliza kura hiyo ilipigwa lini.

*Namtunza mzee nyumbani kwake, nimeajiriwa na familia.*

Mtunzaji wa namna yako ana kipimo chake tangu 2014: moja na nusu ikizidi saa 9 kwa siku au 45 kwa wiki.

*Msimamizi anasema hakuniidhinisha kubaki, hivyo halipi.*

Kama alijua unafanya kazi, au alipaswa kujua, lazima alipe. Anaweza kukupa onyo kwa kuvunja utaratibu, lakini pesa ni yako.

*Sina makaratasi. Nitadai vipi?*

Kama mwingine yeyote, kaka. Sheria ya jimbo inatamka wazi kwamba hali ya uhamiaji haiondoi haki ya malipo. Kukutishia kukuripoti uhamiaji kwa sababu umedai ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Na tangu 2024, mwajiri akikufukuza au kukupunguzia saa ndani ya siku 90 baada ya kudai, sheria inaanza kwa kuchukulia kwamba amelipiza kisasi, na ni juu yake kuleta sababu halali.