Kusafisha hadithi ya kuchagua njia kabla ya kuitoa

Hadithi ya kuchagua njia ni ile ambayo msomaji anabofya kuamua kinachofuata; kila ukurasa mfupi anaoufikia nauita kipande. Yangu ina vipande 58. Msomaji ndiye mama mchuuzi wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, anayerudi Bukavu kwa boti akitoka Goma na mzigo. Anachagua viazi, maharagwe, kabichi au unga, anapatana na wapagazi, anaamua ashuke kisiwa cha Idjwi njiani au asishuke. Kuiandika kulinichukua wiki tatu. Kuisafisha, miezi miwili. Ninatumia Twine, programu ya bure aliyoianzisha Chris Klimas mwaka 2009, kwa mtindo wake wa Harlowe, yaani lugha ya amri inayoendesha hadithi. Ukitumia nyingine, vitufe vitabadilika, kazi ni ileile.

Hatua ya 1: nakala. Twine ya kwenye kivinjari huhifadhi hadithi ndani ya kivinjari hichohicho. Mtu akifuta data zake, hadithi imekwenda. Mimi ilinikuta kwenye sayba moja: nilirudi kesho yake nikaambiwa mashine zimesafishwa. Kila jioni toa faili, liweke kwenye flashi, kisha jitumie kwa WhatsApp.

Hatua ya 2: soma bila kubofya. Twine inaweza kukutolea nakala ya kusahihisha, vipande vyote vikiwa vimefuatana pamoja na alama zake. Ichapishe kwenye karatasi ukiweza. Hapa ni tahajia na koma tu. Maneno ya wahusika usiyaguse: mpagazi wangu anasema "Niko nakuja, mama, leta franga kwanza," na hivyo ndivyo atakavyobaki. Kiswahili sanifu ni cha msimulizi.

Hatua ya 3: pita kila mlango. Chaguo kumi zenye njia mbilimbili, kama hazikutani, zinazaa njia 1,024. Hutazisoma zote, wala mimi sikuzisoma. Lakini mishale ambayo Twine inachora kutoka kipande hadi kipande, ile inayoingia kwenye kila kimoja, inahesabika. Kwangu mara nyingi ni miwili, mitatu. Basi chukua kipande kimoja, tafuta vyote vinavyoleta watu hapo, na kwa kila kimoja soma sentensi yake ya mwisho, kisha sentensi ya kwanza ya hapo ulipo.

Kipande changu cha kantini kilianza hivi: "Unafuta maji ya mvua usoni." Kizuri kabisa kwa aliyetoka juu ya sitaha. Aliyetoka chini kwenye mizigo hakuwa ameona hata tone, naye akajifuta. Kuna dawa mbili: kuificha sentensi kwa sharti (amri ya "onyesha hii ikiwa tu..."), au kuihamishia kwenye kipande cha sitaha, mtu ajifute kabla hajaingia. Mimi huhamisha. Masharti yakizidi, mwezi ujao hutaelewa ulichoandika mwenyewe.

Hatua ya 4: hadithi inakumbuka nini? Kigeu ni kisanduku cha kukumbukia: tiketi ipo au haipo, pesa zimebaki ngapi. Kwenye ile nakala ya kusahihisha tafuta alama ya $ na uandike kila kigeu kwenye daftari, kinapowekwa na kinapoulizwa. Mimi niliweka $tiketi gatini, halafu kule mbele nikauliza $tikiti. Harlowe haikupiga kelele, kwa sababu kigeu ambacho hakijawahi kuwekwa inakihesabu kuwa 0. Matokeo yake karani wa boti alimsumbua kila abiria: "Mama, tike iko wapi?" Amelipa, ila hadithi ilikuwa inamdai tunda.

Angalia pia kinachowekwa lakini hakiulizwi popote. Nilikuwa na $urafiki uliokuwa ukipanda na kushuka safari nzima bila mtu kuutumia. Niliufuta.

Hatua ya 5: ngeli. Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, na miongozo ya lugha nyingine haitakuonya. Niliandika: "Unaketi karibu na $bidhaa yako." Maharagwe yako, sawa. Halafu akatokea aliyechagua viazi: "viazi yako". Kabichi yako, unga yako. Huku kwetu mtu anaweza kuongea hivyo sokoni bila shida, ila msimulizi wangu alishasema sanifu tangu mwanzo, kwa hiyo akaonekana amelewa katikati ya ziwa.

Unaweza kuunda kigeu cha pili kinachobeba vyako, yako, zako au wako. Kinafanya kazi mpaka utakapoandika "unavifunika", "unayafunika", na vigeu vinaanza kuzaana. Njia nyepesi ni kutanguliza neno moja lisilobadilika: "mzigo wako wa $bidhaa". Sasa kila kitu kinafuata mzigo: unaufunika, umelowa, umeibiwa. Nilirekebisha sentensi 31 kwa neno hilo moja.

Idadi nayo ina mtego wake. Ukiandika kwa tarakimu, magunia 2 na magunia 5 yanapita bila upatanisho, lakini 1 inataka sharti lake, la sivyo utapata "magunia 1".

Hatua ya 6: viungo. Ondoa "Endelea" panapowezekana. "Mpe mpagazi pesa yote sasa" inamwambia msomaji anachofanya, "Ndiyo" haimwambii.

Hatua ya 7: mpe mtu, kisha nyamaza. Nilimpa shangazi yangu simu nikakaa nyuma yake na daftari. Usieleze wala usisaidie. Andika tu kipande alichokwamia na alichosema. Shangazi alifika Idjwi, akatazama, akaniuliza mbona harudi botini. Kiungo kilikuwepo, ila kwenye simu kilikuwa chini ya picha ndefu naye hakujua kwamba kuna cha kushukia. Kwenye kompyuta yangu nisingeiona kasoro hiyo kamwe.

Picha zenyewe huwa ni faili za pembeni. Ukimtumia mtu faili la hadithi peke yake, hazitasafiri nalo. Kwa itch.io, tovuti ya kuwekea michezo na hadithi kama hizi, lipe faili jina index.html, libane kwenye zip moja pamoja na folda ya picha, ulipandishe, kisha ulifungue kwa simu ya mtu mwingine.