Jinsi ya kuomba cheti cha uhalali pale kibali cha machimbo kinapobishaniwa

Kibali cha machimbo kimepigwa chapa miaka 60 iliyopita, na sharti moja linasema "kina kisizidi futi 100". Futi 100 kutoka wapi: uso wa ardhi kabla haijaguswa, au sakafu ya shimo la leo? Mchimbaji ana jibu lake, halmashauri ina lake, majirani wana lao. England ina njia ya kumaliza ubishi huo kabla ya ilani ya utekelezaji (amri ya halmashauri dhidi ya ukiukaji wa kibali) kutolewa: cheti cha uhalali, yaani hati inayothibitisha kwamba kazi fulani ni halali, chini ya Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1990. Kifungu cha 191 ni cha kazi iliyokwisha kufanyika au inayoendelea, cha 192 ni cha kazi inayokusudiwa.

Anza na daftari la mipango la halmashauri. Chukua kila kibali cha eneo hilo, hata kinachoonekana kimepitwa, kwa sababu kibali kilichotolewa chini ya kifungu cha 73 ili kubadili masharti hakifuti cha awali, na lazima ujue ni kipi kinachotumika. Dai ramani halisi yenye rangi. Kwenye nakala nyeusi na nyeupe, mstari mwekundu wa mpaka hufanana kabisa na mistari ya kugawa mashamba, na ekari kadhaa za mawe huweza kugombewa kwa sababu hiyo tu.

Kisha angalia tarehe. Kibali kilichotolewa chini ya amri za muda za mipango kati ya Julai 1943 na Julai 1948 kilitakiwa kuombewa usajili kabla ya 25 Machi 1992. Kama hakikuombewa, kimekufa. Cha baada ya hapo hadi Februari 1982 kitafute kwenye orodha za mapitio (za machimbo ya zamani ambayo masharti yake hupitiwa upya) za Sheria ya Mazingira ya 1995. Eneo likiwa limeorodheshwa kuwa limelala, kuchimba si halali mpaka masharti mapya yaidhinishwe. Hata hivyo kibali hakipotei kwa kuachwa tu: Nyumba ya Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, iliamua hivyo mwaka 1984 katika kesi ya Pioneer Aggregates, iliyohusu machimbo. Na kibali cha zamani kisichotaja mwisho wa uchimbaji hufikia kikomo Februari 2042.

Sasa soma maneno kama mahakama inavyoyasoma. Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza, katika kesi ya Trump International ya 2015 na ya Lambeth ya 2019, iliuliza msomaji wa kawaida mwenye busara angeelewa nini akisoma sharti pamoja na masharti mengine, sababu zilizotolewa na kibali kizima. Barua, fomu ya ombi au ripoti haiingii mpaka kibali chenyewe kiitaje, au maneno yawe na utata wa kweli. Barua ambayo ofisa aliandika miaka 20 baadaye, akisema "sisi tunaelewa hivi", haibadilishi maana.

Mahali maombi mengi yanapoharibika ni kwenye swali. Usiandike "tunaomba kujua maana ya sharti la 7"; cheti hakitafsiri, kinathibitisha kazi mahususi. Eleza kazi: kuchimba chokaa ndani ya eneo lililochorwa kwenye ramani A, hadi mita 85 juu ya usawa wa bahari wa Newlyn (kipimo rasmi cha urefu kinachotumika England), bila kuzidi tani 200,000 kwa mwaka, na useme mwaka unahesabiwa kuanzia lini. Hoja ya tafsiri iweke kwenye waraka wa pembeni. Ukiandika kwa ulegevu, utapewa cheti legevu, na ugomvi utaanza upya.

Ambatisha ramani, ushahidi, na maelezo ya haki yako juu ya ardhi. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, kwa kiwango cha uwezekano mkubwa zaidi. Picha za angani zenye tarehe, vipimo vya mpima ardhi na stakabadhi za mizani ya malori vina uzito kuliko kumbukumbu za wazee wa kazi. Kutoa maelezo ya uongo ni kosa la jinai.

Usitegemee urefu wa muda, ukidhani kazi iliyofanywa miaka mingi bila kuchukuliwa hatua inakuwa halali yote. Tangu kesi ya Thomas David ya 1972, kila koleo la uchimbaji ni tendo jipya. Miaka ikipita huokoa mawe yaliyokwisha kutoka, si ya kesho.

Penye halmashauri za ngazi mbili, ombi la madini huenda kaunti, si wilaya. Ada ya kifungu cha 192 ni nusu ya ada ya kuomba kibali cha kazi hiyohiyo. Halmashauri ina wiki 8, na haipimi kama machimbo yanapendeza au yanakera, inapima sheria tu. Ikikataa au ikinyamaza, kata rufaa chini ya kifungu cha 195. Uamuzi wa rufaa hupingwa Mahakama Kuu ndani ya wiki 6. Jirani asiyeridhika na cheti kilichotolewa na halmashauri naye ana wiki 6 za kuomba mapitio ya mahakama, kwa hiyo usikodishe mitambo kabla hazijaisha.