Kuchagua spika ya jukwaani na laini ya ukumbini kwa gitaa la prosesa

Prosesa za gitaa kama Helix, Kemper na Quad Cortex zimebeba ndani yake ampu, kabineti (boksi la spika) na maiki yake, vyote vya kuigwa kidijitali. Kwa hiyo kabla ya kununua spika yoyote, amua kwanza: utatumia kabineti iliyo ndani ya prosesa, au ile ya mbao nyuma yako? Sauti ikipita kwenye kabineti mara mbili, huziba na kukosa uwazi. Isipopita hata mara moja, overdraivu (sauti ya gitaa iliyokwaruzwa makusudi) hugeuka mlio mkavu unaokwaruza masikio.

Kwa bendi inayopiga kumbi tofauti, chaguo letu ni spika ya masafa yote yenye ampu yake ndani, ya inchi 10 au 12. Unachosikia wewe kinakaribiana na kinachokwenda ukumbini, na kabineti ya prosesa inabaki imewashwa. Usinunue kwa kuangalia wati zilizoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa mara nyingi ni za kilele, yaani za mshindo wa muda mfupi tu. Tafuta wati endelevu na kiwango cha juu cha sauti kwa dB.

Spika hizi hupanda hadi karibu Hz 20,000, wakati spika ya kawaida ya gitaa huanza kuishiwa kwenye Hz 5,000 hivi. Weka ikwalaiza (kirekebisha besi na trebo) mwishoni mwa mnyororo wa efekti, kata chini ya Hz 80 hadi 100, na juu kata kuanzia Hz 6,000 hadi 8,000. Kisha ilaze spika ielekee masikio yako. Trebo husafiri kwa mstari mwembamba: ikipiga magotini utaona sauti imefifia, utaongeza trebo, na watakaoumia ni walio mbele.

Ukipenda msukumo wa kabineti halisi, tumia ampu ya nguvu na kabineti ya gitaa, kisha zima kabineti ya prosesa kwenye tokeo (tundu la kutolea sauti) la jukwaani peke yake. Kama ulichonacho ni ampu ya kawaida ya gitaa, ingia kwenye tundu la ritani ya efekti (FX return) nyuma yake. Ukiingia mbele, priampu yake (sehemu ya kwanza inayojenga sauti) itapaka rangi yake juu ya ampu uliyokwisha kuichagua. Angalia omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) pia: kabineti mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na ampu isiyoruhusu mzigo huo hupata joto na kuzima, au kuungua. Kati ya ampu na kabineti pitisha kebo ya spika, si kebo ya gitaa.

Ukumbini peleka laini ya XLR (kebo ya pini tatu kwenda kwenye mikisa) yenye kabineti ya prosesa daima, hata kama wewe unapigia kabineti ya mbao. Hapa ndipo mambo mengi huharibikia. Tokeo likiwa kwenye kiwango cha laini, chenye nguvu kuliko cha maiki, na mikisa ikalipokea kama maiki, utasikia mkwaruzo ambao hakuna preseti (mpangilio wa sauti uliohifadhiwa) itakayouondoa. Badili tokeo liwe kiwango cha maiki, au mwombe fundi sauti abonyeze pedi, swichi ya kupunguza nguvu, ya dB 20. Mwombe pia azime fantomu, umeme wa volti 48 wa kulisha maiki, kwenye chaneli yako. Mikisa nyingine huiwasha kwa chaneli zote pamoja, na hapo weka DI (kiboksi cha kuunganishia ala na mikisa) yenye transfoma. Mvumo wa umeme ukitokea, inua (yaani kata) ethi ya sauti kwenye DI au kwenye swichi ya tokeo la XLR. Pini ya ethi ya plagi ya umeme usiiguse kamwe, inalinda uhai wako.

Kitufe kikubwa cha volyumu kipe tokeo la jukwaani tu. Kikitawala tokeo la jukwaani na la ukumbini pamoja, kila unapojipunguzia sauti fundi anapoteza gitaa na kuanza kupandisha geini.

Tengeneza preseti kwa sauti ya jukwaani, si kwa hedifoni usiku. Sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi na trebo kwa uhaba, ukaziongeza. Ikipandishwa, besi inavuma na trebo inachoma. Linganisha preseti safi na yenye overdraivu katika sauti hiyo hiyo, na ya solo iongezee dB 3 hivi. Kama mikisa itakupa chaneli moja, jaribu kila preseti kwa mono (chaneli moja badala ya mbili za stereo) kabla ya siku ya onyesho: baadhi ya korasi na dilei za stereo hujifuta pande mbili zikiunganishwa.