Mwambie amwage mfuko wa dawa kitandani

Nikiwa mwaka wa nne wa udaktari, niliandika kwenye faili la mama mmoja muuza vitumbua: "Mwezi wa pili wa dawa za TB, hana malalamiko." Nilikuwa nimemuuliza, "Unaendeleaje, mama?" Akajibu, "Sijambo, mwanangu." Siku mbili baadaye muuguzi wa zamu ya usiku akanivuta pembeni. Yule mama halali, akaniambia. Anakaa ukingoni mwa kitanda, nyayo kwenye saruji, apate ubaridi. Miguu ilikuwa inamwaka moto. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, ilishaanza kumharibu mishipa ya fahamu, na hakuna aliyemwandikia piridoksini, vitamini B6 inayoikinga mishipa hiyo.

Mama hakunidanganya. Nilimsalimia, naye akaitika salamu. Sisi tukiulizwa hali hujibu nzuri, hata kama homa imefika 39. Kwa hiyo wadogo zangu, ukitaka kujua madhara ya dawa, uliza kitu kisicho na jibu la salamu: "Usiku unajifunika miguu, au unaitoa nje ya shuka?"

Nazitumia dawa za kifua kikuu kufundishia kwa sababu utakutana nazo wodi yoyote, na kwa sababu kidonge kimoja kina dawa nne, kila moja na tabia yake. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa anameza zote nne, kisha kwa miezi minne anabaki na rifampisini na isoniazidi.

Anza na mfuko. Mwombe ndugu alete kila kitu kilichopo nyumbani, pamoja na ile chupa ya maji yenye mizizi, amwage vyote kitandani. Usikunje uso ukiiona mizizi, la sivyo kesho haitaletwa. Kisha uliza visivyoingia mfukoni: kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, sindano ya uzazi wa mpango, pombe.

Sasa itafute rifampisini. Hiyo inalifanya ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, navyo vinazivunja dawa nyingine kabla hazijafanya kazi. Vidonge vya majira na kijiti vinapungua nguvu. Sindano ya miezi mitatu haitetereki. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, miligramu 50 mara moja kwa siku anahitaji 50 asubuhi na 50 jioni. Wanafunzi wengi wanalijua hilo. Wanachosahau ni kwamba vimeng'enya havipandi kwa siku moja wala havishuki kwa siku moja. Vinachukua kama wiki moja au mbili kufika juu, na baada ya kidonge cha mwisho vinahitaji kama wiki mbili kurudi chini.

Mfikirie mgonjwa wa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Anaanza rifampisini, INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) inashuka, tunaongeza dozi, wiki zinapita, tunaongeza tena, mpaka inakaa sawa. Mwezi wa sita anamaliza TB, kila mtu anampongeza, anarudi kijijini na dozi ileile kubwa. Ini linatulia, warfarini inarundikana, fizi zinaanza kutoa damu. Wa glibenklamidi, dawa ya kisukari, naye yuko njia hiyohiyo, ila yeye ataanguka kwa sukari kushuka.

Ndiyo maana kwenye daftari nachora mstari wa tarehe: lini kila dawa ilianza, lini dozi ilibadilishwa, lini dalili ilitokea. Bila tarehe utalaumu dawa isiyo na kosa.

Macho ni ya ethambutoli, mojawapo ya zile nne, ambayo huweza kuyadhuru. Pima kabla ya kuanza, la sivyo huna cha kulinganisha. Mfunike jicho moja asome gazeti, kisha la pili. Mwonyeshe kalamu nyekundu na ya kijani akutajie rangi. Dawa hii inatoka kwa figo, kwa hiyo kreatinini, kipimo cha figo, iwe juu ya meza. Akisema rangi zimefifia, isimamishwe siku hiyohiyo.

Kwa ini, ambalo dawa hizi zinaweza kuliumiza, uliza, "Chakula cha jana usiku ulikimaliza?" Hamu ya kula mara nyingi huondoka kabla macho hayajawa ya njano. Hayo macho yaangalie dirishani. Taa ya wodi inadanganya. ALT, kipimo cha ini kwenye damu, ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida na mgonjwa ana dalili, au mara tano hata kama hana, dawa zote za TB zinasimama na mkubwa wako anaambiwa leo. Kuzirudisha moja baada ya nyingine ni kazi yake, si yako.

Mkojo wa rangi ya chungwa unaoletwa na rifampisini mwambie siku ya kwanza, asije akadhani ni damu akaacha dawa. Maungo yanayouma kwa pirazinamidi, ile dawa ya nne, mara nyingi hutulizwa na dawa ya maumivu.

Na piridoksini, miligramu 25 kwa siku, angalia kama imeandikwa, hasa kwa mjamzito, mwenye VVU, mwenye kisukari, mnywaji na aliyekonda sana. Mama wa vitumbua tulimpa dozi kubwa zaidi kwa sababu alishaumia. Moto ulipoa, lakini ganzi ya vidole aliondoka nayo.

Mstari wangu wa tarehe siku hizi hauishii kwenye kidonge cha mwisho. Nauvuta wiki mbili mbele, nachora duara, na ndani yake naandika: INR, sukari, punguza dolutegraviri.