SOMO: Ugali kwenye maikrowevu, bila mabonge na bila unga mbichi katikati

Wakuu, salaam. Swali hili limeulizwa humu mara nyingi mno na majibu yangu yametawanyika kila uzi. Nayakusanya yote hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye uzi huu.

Kwanza wati, ndipo dakika

Vipimo vyote hapa chini ni vya mashine ya wati 700, zile ndogo za lita 20 zilizojaa madukani. Angalia kibandiko cha nyuma au cha ubavuni mwa mlango. Utakuta namba mbili. Kubwa, kama 1050 hadi 1200, ni umeme ambao mashine inakula. Ndogo ndiyo nguvu inayofika kwenye chakula, na hiyo ndiyo ya kufuata. Chukua sekunde nilizoandika, zidisha kwa 700, gawanya kwa wati zako. Sekunde 90 kwenye mashine ya wati 900 zinakuwa 70. Ugali mwingi unaoharibika umepikwa kwa dakika za mashine ya mtu mwingine.

Vyombo

Bakuli la kioo kinachohimili moto au la kauri, la lita 2 au zaidi. Maji ni nusu lita tu, lakini uji unafura, kwa hiyo bakuli dogo litakumwagikia.

Usitumie melamini. Nyumba nyingi zina sahani na bakuli hizo kwa sababu hazivunjiki kirahisi, lakini kwenye maikrowevu melamini yenyewe inakunywa moto, inababuka na kupasuka. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa nacho kina maji ndani ya vinyweleo vyake: kinapata moto kuliko chakula na kinaweza kupasuka. Bakuli au kikombe chenye utepe wa dhahabu mdomoni kitatoa cheche. Sufuria, vijiko vya chuma na karatasi ya foili, hapana.

Mwiko wa mti ni sawa, ila usiuache ndani wakati mashine inafanya kazi.

Mahitaji

Unga wa sembe kikombe 1 (ml 250, gramu 140 hivi). Maji ya baridi vikombe 2 (ml 500). Unawatosha watu wawili wa kula wastani.

Hatua

1. Chota theluthi moja ya unga, weka kwenye bakuli. Theluthi mbili ziweke kando.

2. Mimina maji yote, koroga mpaka usione unga mkavu. Maji yawe ya baridi. Ya moto yanashika punje za nje tu, unga wa ndani unabaki mkavu, na hilo ndilo bonge.

3. Pika uji. Hapa ndipo ugali unapoharibika, kwa hiyo soma taratibu.

Kwenye jiko moto unatoka chini na wewe uko na mwiko muda wote. Kwenye maikrowevu mawimbi yanaingia sentimita 2 au 3 tu kutoka nje, kwa hiyo kingo zinapata moto mapema na katikati panachelewa. Wakati huohuo hakuna anayekoroga, na unga unatuama chini. Wanga wa mahindi unaanza kuvimba na kushika joto likifika nyuzi 60 na kitu, na ukifika 70 umeshashika. Ukiweka dakika 4 mfululizo, unga uliotuama unashikana chini kama keki, juu yanabaki maji matupu, maji yanachemka, yanafurika. Keki hiyo haivunjiki tena hata ukisonga vipi. Mwaga, anza upya.

Kwa hiyo gawa muda hivi, bila kufunika bakuli:

Sekunde 90. Toa, koroga mpaka chini kabisa, kwangua kingo. Bado ni maji, usiwe na wasiwasi.
Sekunde 60. Toa, koroga. Hapa unaanza kuwa mzito. Ukiona vibonge vidogo, vipondee ubavuni mwa bakuli sasa hivi, bado ni laini.
Sekunde 45. Koroga.
Sekunde 45 za mwisho, ukiwa umesimama mbele ya mlango. Uji unatakiwa utoe mapovu mazito katikati, si pembeni tu. Ukipanda karibu na mdomo wa bakuli, fungua mlango, utashuka.

Kama umeruka kukoroga hata mara moja, usiendelee na hatua ya 4 mpaka ukwangue chini na uhakikishe hakuna kilichoshika.

4. Ongeza unga uliobaki kwa mikupuo miwili, songa. Shika bakuli kwa kitambaa, limeshapata moto wa chakula.

5. Tandaza ugali kuelekea kingo na uache shimo katikati, upana wa kikombe cha kahawa. Pale katikati ndipo moto unapofika kwa shida, na ndipo penye harufu ya unga mbichi. Dakika 2. Toa, songa kwa nguvu, rudisha shimo. Dakika 1 na nusu.

6. Songa mara ya mwisho, kusanya, funika kwa sahani, acha dakika 3 nje ya mashine. Usiruke dakika hizi. Joto la kingoni linasafiri kuingia katikati na ugali unamalizia kuiva. Fungua sahani kwa upande wa mbali na uso, mvuke unaunguza.

Ugali wa dona: ongeza maji ml 50, maana pumba na kiini vinakunywa zaidi, na ongeza sekunde 30 kwenye hatua ya 5. Dona inafura kuliko sembe, usibanduke mlangoni.

---

Bachela_Chumba_Kimoja: Mkuu asante. Kwa hiyo jumla ni dakika ngapi? Nataka niweke mara moja nikaoge.

MwikoMrefu (mwenye uzi): Soma hatua ya 3. Ukienda kuoga utakuta keki.

MamaWatatu: Somo zuri sana kaka. Kwangu tuko watano. Nikiweka vikombe vitatu vya unga naongeza muda kiasi gani?

MwikoMrefu: Dada yangu, mashine ina nguvu ileile, chakula kikizidi kinagawana. Vikombe 2 vya unga vinataka karibu mara mbili ya muda, na bakuli la lita 4, ambalo kwenye mashine ya lita 20 halizunguki vizuri. Vikombe 3 usijaribu, katikati hapataiva. Kwa watu watano jiko lina faida zaidi. Tumia maikrowevu kwa mboga wakati ugali uko jikoni.

Kijana_wa_Eldoret: Nimeweka maji yachemke kwanza kwenye kikombe, nikaweka unga, yakaruka yote. Mashine yangu ni mbovu?

MwikoMrefu: Mashine ni nzima. Maji kwenye chombo laini yanaweza kupita joto la kuchemka bila kutoa povu hata moja. Ukiyagusa kwa unga, kijiko au majani ya chai, yanachemka yote kwa mpigo na kuruka. Yanaunguza vibaya, mshukuru Mungu hayakufika usoni. Ukichemsha maji matupu, simamisha ndani kijiti cha mti au kijiko cha mti chenye mpini mfupi, yapate mahali pa kuanzia povu, na usipitishe muda. Kwa ugali ndiyo maana nimeandika maji ya baridi na unga ndani yake tangu mwanzo.

Fundi_Volti: Swali: mashine yangu ni ya zamani, kibandiko kimefutika. Naweza kujua wati zake bila kuifungua?

MwikoMrefu: Swali zuri mkuu, na usiifungue kabisa. Ndani kuna kapasita inayobaki na umeme wa kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Kama una kipimajoto, pima maji lita 1 kamili, andika joto lake. Washa moto wa juu dakika 2 kamili. Toa, koroga, pima tena papo hapo. Tofauti ya joto zidisha kwa 35. Mfano, kutoka nyuzi 25 hadi 45 ni 20, mara 35 ni wati 700. Hiyo 35 inatokana na kwamba lita moja ya maji inahitaji jouli 4186 kupanda nyuzi moja. Gawanya kwa sekunde 120.

Bila kipimajoto: ml 250 za maji yaliyokaa na barafu, toa vipande vya barafu, weka kijiti cha mti, hesabu muda mpaka yaanze kuchemka. Chini ya dakika 2 ni kama wati 1000. Dakika 2 na nusu hivi ni 800. Dakika 3 au zaidi ni 600 hadi 700.

Fundi_Volti: Nimepima kwa kipimajoto. Asubuhi 735, saa 2 usiku 560! Mashine ileile.

MwikoMrefu: Nakushukuru kwa kurudi na namba. Huo ni umeme mdogo wa jioni, mtaa mzima unapika na volti zinashuka. Maikrowevu za transfoma zinapoteza nguvu nyingi kuliko volti zenyewe zinavyopungua. Kwako usiku kila sekunde 90 zinakuwa karibu 112. Na angalia kama umeichomeka kwenye ekstensheni ndefu ya waya mwembamba, ambao nao unakula volti na unapata moto. Ichomeke moja kwa moja ukutani.

Bachela_Chumba_Kimoja: Nimejaribu na bakuli la plastiki, limejikunja. Mngesema mapema.

MwikoMrefu: Sehemu ya vyombo inasema kioo au kauri. Plastiki sijaitaja popote.

Binti_wa_Pwani: Msimjibu kwa ukali, ni mgeni. Ndugu, geuza chombo uangalie namba ndani ya pembetatu. Namba 5 ndiyo inayovumilia kupasha chakula, lakini kwa ugali au chochote chenye mafuta mengi tumia kioo tu. Vikopo vya aiskrimu na siagi si vya moto kabisa.

MwikoMrefu: Sawa dada, umenikumbusha. Ndugu, pole kwa bakuli.

Minnesota_Baridi: Huku mashine yangu imeandikwa 1100. Na unga wa nyumbani haupatikani karibu, nimenunua masa harina, ugali umenata kama gundi na una harufu nyingine.

MwikoMrefu: Masa harina ni mahindi yaliyochemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, ndiyo maana unanata na kunukia hivyo. Ni unga wa tortilla. Tafuta unga mweupe wa mahindi wa kawaida, uliosagwa laini. Ukipata wenye chenga, loweka ile theluthi kwenye maji dakika 15 kabla ya kuanza. Kwa wati 1100 sekunde 90 ni 57, sekunde 60 ni 38, sekunde 45 ni 29. Kwa mashine yenye nguvu hivyo bakuli liwe kubwa zaidi, uji unapanda ghafla.

MamaWatatu: Na umeme je? Wengine wanasema inamaliza uniti.

MwikoMrefu: Ugali huu ni dakika 7 na nusu. Mashine inayokula wati 1100 kwa muda huo inatumia kama uniti 0.14. Hofu ya uniti iwe kwa jiko la koili na pasi.

Mla_Kisamvu: Naomba kuuliza, kisamvu kibichi kinaiva humo?

MwikoMrefu: Usifanye hivyo. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi inayotoka kwa kutwanga vizuri na kuchemsha muda mrefu bila kufunika. Kitwange, kichemshe jikoni, ugandishe kwenye friza kwa mafungu. Hayo mafungu ndiyo ya kuyeyusha kwenye maikrowevu. Maharage makavu vilevile, chemsha jikoni. Hutaokoa muda, na maharage mekundu yasiyochemka sawasawa yanaumiza tumbo.

Mchicha_Tu: Mchicha je?

MwikoMrefu: Mchicha unapendeza sana. Fungu moja, osha, usikamue maji, weka kwenye bakuli, funika kwa sahani ukiacha upenyo, dakika 3. Rangi inabaki ya kijani. Kitunguu na nyanya vitangulie na kijiko cha mafuta, dakika 3, koroga katikati.

Binti_wa_Pwani: Nami naomba msaada, samaki wa kupaka kiporo, tui linakatika kila nikipasha.

MwikoMrefu: Shusha moto hadi nusu. Mashine nyingi hapo zinawaka sekunde kadhaa na kuzima sekunde kadhaa, utasikia mlio ukibadilika, na tui linapata nafasi ya kutulia. Dakika 1, tikisa bakuli, dakika 1 tena, na utoe kabla halijachemka pembeni. Likianza kukatika, ongeza vijiko viwili vya tui bichi zito na ukoroge taratibu nje ya mashine. Samaki mzima mchane mara mbili au tatu ubavuni, la sivyo ngozi inapasuka.

Binti_wa_Pwani: Nimefanya sasa hivi, halijakatika. Na chapati za jana?

MwikoMrefu: Lowanisha kitambaa safi, kamua, funga chapati moja moja, sekunde 15 hadi 20. Ikizidi hapo inakuwa ngumu kama gamba ikipoa.